Barua iliyokaa karantini siku ishirini na nne: yaliyonikuta na email ya shule hapa Voi

Wakuu, habari za kwenu. Poleni na kazi.

Huu uzi nimeuandika na kuufuta mara tatu kwa sababu unanianika mimi mwenyewe. Leo nimeamua wacha utoke tu. Majina nimebadilisha, shule sitaitaja, lakini mengine yote yalitokea vile nitakavyoyasema, na pale nilipokosea nitasema nilikosea.

Mniite Wakesho. Mimi ni karani wa shule moja ya sekondari hapa Voi, naishi mtaa wa Kaloleni. Nyumbani ni Sagalla. Kompyuta nimeigusa mara ya kwanza nikiwa Form Three, kwa hiyo msinitarajie mtaalamu.

Kazi yangu ni barua, simu, mafaili na email ya shule. Hiyo email ndiyo iliniletea balaa.

Mwanzoni mwa mwaka iliingia email inayojifanya imetoka ofisi ya elimu. Ilikuwa na attachment, imeandikwa "Orodha mpya ya walimu". Principal alikuwa anaisubiri kweli orodha kama hiyo. Nikaifungua bila kufikiria.

Hakuna kilichoonekana. Skrini ilicheza kidogo, basi.

Kesho yake simu zikaanza. Mzazi wa kwanza, wa pili, wa kumi. Kumbe ile kitu ilichukua anwani zote zilizokuwa kwenye email yetu na kuwatumia watu email ile ile kwa jina la shule. Wengine waliifungua kwa sababu waliona imetoka kwangu. Mwalimu mmoja mstaafu alipoteza picha zote za marehemu mkewe zilizokuwa kwenye laptop yake.

Alinipigia yeye mwenyewe. Hakunitukana. Aliniuliza tu kama kuna namna zinaweza kurudi. Nilimwambia sijui, nikaenda kukaa kwenye stoo ya vitabu mpaka macho yakauke.

Principal naye hakupaza sauti. Alisema, "Madam Wakesho, watu wanafungua kitu chochote kikitoka kwako kwa sababu wanakuamini." Ingekuwa afadhali angefoka.

Shule ikamleta Bwana Salim. Huyu ni mtu mzima, miaka hamsini na kitu, familia yao ni ya asili ya Pwani lakini amezaliwa hapa hapa Voi. Zamani alikuwa fundi wa redio, sasa anatengeneza kompyuta. Alisafisha mashine zote za ofisi, akaweka antivirus ya email pamoja na spam filter, halafu akavuta kiti akaniambia nikae.

"Dada yangu," alisema, "mimi sikuwekei kitu usichokifahamu. Kaa hapa twende pole pole."

Nitawapa yale niliyoyaelewa, kwa sababu bila hayo hamtaelewa mbele.

Kwanza kuna signature. Kila virusi kinachojulikana kina alama zake, na antivirus inabeba orodha ya alama hizo. Attachment ikija inalinganishwa na orodha. Ndiyo maana lazima iwe inafanya update, vinginevyo inatafuta wezi wa mwaka jana.

Halafu kuna heuristics. Hapa mashine haina alama, inakisia kwa tabia. Hii barua inaharakisha mtu, inataja marehemu, imetoka anwani isiyojulikana, imebeba faili lililofungwa. Kila kitu kinaongezewa pointi. Pointi zikifika kiwango ulichoweka, barua inazuiwa.

Ikizuiwa inaenda quarantine. Nikamuuliza kama hiyo ndiyo kufutwa. Akacheka.

"Wakumbuka karantini ya korona? Mtu hajafa, wala hajaambiwa ni mgonjwa. Amezuiwa tu aangaliwe. Na hii barua ni vivyo hivyo. Lakini ikikaa siku thelathini bila ya mtu kuiangalia, mashine yaifuta yenyewe."

Blacklist ni orodha ya watumaji wanaokataliwa. Whitelist ni ya wale wanaopita moja kwa moja. Na barua nzuri ikizuiwa kwa makosa, hiyo wanaita false positive.

Akaniuliza kiwango aweke ngapi. Yeye alipendekeza tano. Nikamwambia aweke mbili.

"Dada, ukikaza hivyo, hata watu wako watazuiwa mlangoni."

"Wazuiwe," nikamjibu.

Akaniangalia kidogo, akaweka mbili. Akanisisitizia kila Ijumaa niingie karantini, nisome majina, niwatoe wasio na hatia.

Wakuu, Ijumaa ya kwanza niliingia. Nikaona orodha ndefu, bahati nasibu, dawa za kupunguza mwili, urithi wa watu wasiojulikana. Nikamkumbuka yule mwalimu na picha zake. Nikachagua zote, nikafuta.

Ijumaa iliyofuata vile vile. Na iliyofuata. Baadaye hata hiyo Ijumaa nikaacha kuingia, nikaona siku thelathini zitanifanyia kazi.

Miezi ikapita hivyo, na nilikuwa naamini mimi ndiye karani makini kuliko wote kaunti hii.

Halafu siku moja akaja mama mmoja ofisini, amepanda kutoka Taveta, anahamisha mtoto. Akasema barua ya uhamisho alishaituma kwa email wiki mbili nyuma. Nikamwambia hatujapokea. Akanionyesha kwenye simu yake, kweli ilitumwa.

Ikabidi niingie karantini mbele yake, na uso umenishuka.

Barua yake ilikuwa humo. Nikaitoa. Na wakati naitafuta, macho yakapita kwenye nyingine ambayo kichwa chake kilikuwa kwa Kiingereza, URGENT, kwamba inahusu familia ya marehemu baba wa huyo aliyeandika. Ya kutapeli kabisa, mtu yeyote angesema hivyo. Ilikuwa imekaa siku ishirini na nne.

Kilichonizuia kuifuta ni jina moja kwenye mstari wa pili. Mghoi.

Naomba nieleze. Shuleni kwetu kulikuwa na mpishi tuliyemwita Mama Mghoi, Mghoi likiwa jina lake mwenyewe, mtu wa Mghange. Amestaafu miaka kadhaa sasa, amerudi milimani analima. Wakati naanza kazi, sijui mtu, yeye ndiye alikuwa ananiitia chai jikoni. Alikuwa na kaka, Mwadime, dereva wa malori ya safari ndefu, aliyeondoka akiwa kijana na hakurudi. Sote tulijua, ila hakuna aliyekuwa anamuuliza.

Sikufungua attachment. Nilisoma maandishi tu, yale ambayo karantini inakuruhusu kusoma bila kuitoa barua.

Aliyeandika ni mwanamke, nesi, yuko Ndola, Zambia. Alisema baba yake ameaga dunia mwaka jana. Alikuwa Mkenya, jina Mwadime, kutoka Mghange. Alipata ajali ya lori huko, akalazwa muda mrefu, akapona akiwa na mguu mmoja mbovu. Akaona aibu kurudi mikono mitupu. Mwaka ukazaa mwingine. Akaoa. Kabla hajafa alimwambia binti yake kuwa ana dada anaitwa Mghoi, na kwamba dereva mwenzake alishawahi kusikia kwamba anapika kwenye shule yetu hapa Voi.

"Sina anwani nyingine," aliandika. "Hii ni barua yangu ya tatu kwenu. Kama nawasumbua naomba mniambie tu, nitaacha."

Ya tatu.

Wakuu, hizo mbili nilizifuta mimi, kwa kidole changu au kwa kuziacha zifike siku thelathini. Hakuna mwingine aliyeshika hiyo kompyuta.

Yule mama wa Taveta akaniuliza kama naumwa. Nikamalizana naye, nikaenda kwa Principal.

Alisoma yote, taratibu, kisha akavua miwani. "Madam, hawa ni wale wale. Kwanza anakufa mtu, halafu unaulizwa namba ya kitambulisho. Si tuliumia juzi tu?"

"Hajaomba kitu, sir."

"Ataomba."

Huenda alikuwa sawa. Ila alisema jambo moja zuri, kwamba nisijibu wala nisifungue kitu mpaka Bwana Salim aangalie.

Salim alikuja kesho yake. Alifungua ile sehemu ya juu ya barua ambayo huwa imefichwa, inaitwa header, inayoonyesha barua imepitia njia gani. Akaangalia kama anwani iliyotuma na anwani ya kujibiwa ni moja. Ni moja. Barua za phishing, zile za kuvua watu siri zao, mara nyingi hapo ndipo hutofautiana. Attachment akaifungulia kwenye sandbox, ambacho ni kama chumba cha kujaribia, hata kikilipuka hakidhuru nyumba. Ilikuwa picha moja tu. Kijana amesimama kando ya lori, shati jeupe, mkono mmoja umeshika mlango.

"Sasa kwa nini ilizuiwa?" nikamuuliza.

Akanionyesha pointi. Neno urgent. Neno late father. Anwani mpya. Faili lililofungwa. Nchi ambayo hatujawahi kuandikiana nayo.

"Kila kitu cha kweli kilichomo humu, matapeli walishakitumia," alisema. "Mashine imetwambia yafanana na uongo. Haikutwambia ni uongo. Hiyo yataka mtu."

Akanichapishia ile picha. Jumamosi nikapanda Mghange.

Kutoka joto la Voi mpaka kule juu ni kama umebadilisha nchi. Nilimkuta Mama Mghoi shambani anang'oa kabeji, amejifunga leso mbili kwa baridi. Alifurahi kuniona. Nikamwambia nimekuja na jambo, akaenda kunawa mikono kwanza, akaja akaketi kwenye benchi mbele ya jikoni.

Nikampa picha.

Akaigeuzia kwenye mwanga. "Huyu ni Mwadime," akasema.

Nikaanza kumsomea barua. Nilipofika mahali pa kifo alinyanyua mkono, nikanyamaza. Hakulia. Alikuwa anaangalia bonde, na mimi naangalia viatu vyangu.

Halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea. "Picha inaweza kuibiwa, mwanangu."

Kumbe miaka ya nyuma alishapigiwa simu na mtu aliyesema amemwona Mwadime mpakani Malaba, mgonjwa, anataka nauli ya kurudi. Akauza mbuzi, akatuma. Akaenda Voi kumsubiri stendi siku mbili.

"Huyo kaka nimeshamlilia mara mbili," alisema. "Alipopotea, na siku ile ya stendi. Ya tatu nataka iwe ya kweli."

Nikamweleza alivyonifundisha Salim, kwamba tusimpe huyu mwanamke habari yoyote, tumuulize swali ambalo tapeli hawezi kulijibu. Akafikiria. Nikaona mdomo unataka kutabasamu, ukajizuia.

"Muulize nani alimwaga kimanga siku ya harusi ya shangazi yetu."

Kwa wasiojua, kimanga ni chakula chetu cha Wataita, mihogo inapondwa na maharagwe. Harusi nzima inakitegemea.

"Jibu ni nini?" nikauliza.

"Kijiji chote kitakuambia ni Mwadime. Alichapwa mbele ya wageni. Hata leo wazee wakikaa wanalisema." Akainama karibu yangu kana kwamba kuna mtu anasikiliza. "Ni mimi. Nilikuwa nacheza, nikakigonga chungu. Yeye akasema ni yeye. Hajawahi kumwambia mtu, na mimi sijawahi. Sasa wewe ndiye wa kwanza."

Jumatatu nikatuma swali, mistari minne tu. Nikasubiri.

Jumanne kimya. Jumatano. Wiki ikaisha. Mama Mghoi akawa ananipigia kwa simu ya jirani. Hasalimii, anauliza tu, "Bado?" Nami namjibu bado. Principal akinipita kwenye korido ananiangalia kwa huruma, na hiyo iliniuma zaidi.

Nilishaanza kuamini alikuwa tapeli na swali limemshinda. Au ni wa kweli na amechoka kutusubiri. Sijui lipi lilikuwa baya zaidi. Nadhani la pili.

Siku ya tisa nikampigia Salim. Akaniuliza swali moja ambalo sikuwahi kujiuliza.

"Ile siku mlipoingiwa na virusi, dada, mlituma barua ngapi mbovu duniani?"

Akaangalia. Wakuu, shule yetu ilikuwa kwenye blacklist. Kwa sababu ya ile siku moja, jina letu liliorodheshwa na watu wa mbali kama mtumaji wa spam. Barua zetu nyingi zilikuwa zinaishia kwenye karantini za watu wengine, na sisi tunashangaa kwa nini wazazi hawajibu.

Nilikuwa nimemzuia yule dada mlangoni kwangu miezi mitatu. Sasa na mimi nilikuwa nimezuiwa mlangoni kwake.

Mtauliza mbona sikutumia email yangu binafsi. Principal alikataa, na hapo namuunga mkono. Mtu anayesubiri shule, akiandikiwa na anwani ngeni akiulizwa maswali ya siri, hata mimi nisingejibu.

Salim akaandika maombi ya kutolewa kwenye orodha. Ilibidi tueleze kilichotokea, tuonyeshe tumesafisha, tumebadilisha password zote. Hayo maelezo niliandika mimi. Ilikuwa mara ya kwanza kuandika waziwazi kwamba ni mimi niliyefungua ile attachment. Nilipomaliza nikajisikia mwepesi, sijui kwa nini.

Siku nne baadaye tukatolewa. Nikatuma swali tena saa tatu asubuhi.

Saa saba jibu lilikuwa limefika. Na safari hii Salim alikuwa ameshaiweka anwani ya yule dada kwenye whitelist, ikapita moja kwa moja.

Sikuisoma yote. Nilipoona mstari wa kwanza si wa kuomba kitu, niliifunga, nikapiga simu ya jirani. Nikamwambia Mama Mghoi kuna jibu, je, nimsomee? Akasema ngoja. Kesho yake saa nne alikuwa ofisini kwangu, amevaa nguo za kanisani.

Principal alisimama mlangoni. Nikafungua, nikasoma, natafsiri ninavyoenda.

"Baba alituambia watu wote wanajua ni yeye aliyekimwaga. Lakini alisema ukiulizwa na shangazi, mwambie, ulikuwa wewe, Mghoi, na kiatu chako cha kushoto kilikuwa hakina kamba. Alisema hajawahi kujutia kile kiboko. Alikuwa anacheka kila akisimulia. Mimi jina langu la pili ni Mghoi."

Mama Mghoi alisogeza kiti karibu. Aliweka kiganja chake kwenye skrini, pale penye maandishi, kama mtu anayemshika mwingine shavu. Halafu akalia, na safari hii alilia kama mtu anayejua analia nini.

Nikageuka, Principal hakuwepo mlangoni. Alirudi baada ya dakika chache na kikombe cha chai, amekibeba mwenyewe kutoka jikoni. Akakiweka mbele ya Mama Mghoi. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Madam, hiyo kitu ipunguzwe ukali."

Siku hizi kiwango ni tano.

Tangu hapo wameshaongea kwa video mara nyingi, wanachanganya Kiingereza, Kiswahili na maneno machache ya Kidawida, lugha yetu Wataita, ambayo yule binti alifundishwa na baba yake. Matamshi yake yanachekesha, ila yapo. Kwao ni watoto watatu. Mama Mghoi hakuwahi kuzaa, na sasa anaitwa shangazi na watu wazima watatu.

Yule binti nilimwandikia pia barua yangu mwenyewe, kumwambia zile mbili zilienda wapi. Ilinichukua siku nzima. Alijibu kwamba yeye hospitalini huwapima watu homa kila siku, na wengi wanaozuiwa mlangoni hawana ugonjwa, ila afadhali kupima. Halafu akaniuliza kama akija Mghange kumwona shangazi yake abebe sweta.

Yule mwalimu mstaafu sijamsahau. Salim amefanikiwa kurudisha baadhi ya zile picha, si zote. Nilimpelekea mwenyewe kwenye flash. Zingine bado tunajaribu.

Nilichojifunza wakuu ni kwamba hofu yangu niliiita umakini. Filter ni nzuri, iwekeni, na update msiache. Attachment usiyoitarajia usiiguse. Lakini mashine kazi yake ni kuzuia na kukuuliza. Ukiacha kujibu, inajijibu yenyewe baada ya siku thelathini. Sasa kila Ijumaa nakaa na ile orodha, jina baada ya jina. Inachukua kama nusu saa.

Kabla hujaendelea na uzi mwingine, fungua spam yako uangalie. Ukikuta mtu humo, njoo utuambie hapa. Na wale wataalamu wa haya mambo, kama kuna mahali nimeeleza vibaya nirekebisheni, sitakasirika. Anayejua pia namna ya kurudisha picha zilizoharibiwa na virusi, naomba aniandikie.

Yule binti ameshavuka Tunduma, amelala Moshi, leo anapitia Holili kuja Taveta. Mama Mghoi yuko hapa kwangu Kaloleni tangu jana. Nikiandika haya amesimama mlangoni na mkoba begani, na ameniuliza mara ya pili basi la kutoka Taveta linasimama upande gani wa barabara.